Kutoka vilima vya karafuu hadi Kibo: shajara ya mradi wetu Pemba

Aprili, baada ya Sikukuu

Tumekutana barazani kwa bi mkubwa mmoja hapa Wete, mvua ya masika ikipiga bati hata ikabidi tusemezane kwa kelele. Waliokuja ni walimu wa skuli, mkunga, fundi cherehani, wasichana wawili wa Konde waliomaliza kidato cha nne, muuza samaki wa upande wa Micheweni, na mama wa watoto sita aliyesema amekuja kusikiliza tu. Huyo wa kusikiliza tu nimemwandika wa kwanza.

Lengo limeingia daftarini hivi: kabla ya Ramadhani ijayo kikundi cha wanawake wa Pemba kipande Kilimanjaro, na kila kitakachopatikana njiani, yaani nguo, viatu, namba za simu za watu wa kutegemewa na ujuzi wenyewe, kibaki kwa wanawake watakaofuata. Mimi nimeingia kwa ajili ya hiyo nusu ya pili. Picha ya kileleni huzunguka kwenye simu za watu wiki moja, halafu basi.

Swali la kwanza kuulizwa lilitoka kwa mkunga: "Huko juu choo kiko wapi?" Watu wakacheka, kisha wakanyamaza wote wakinitazama, maana kila mmoja alikuwa nalo. Nimeliweka juu kabisa ya orodha ya kazi. La pili lilikuwa nani atabaki na watoto. La tatu, tutasali vipi. Bei ilikuja ya nne, na nguvu za miguu hakuna hata mmoja aliyeziuliza. Nikipiga hesabu ya vinavyomzuia mwanamke wa hapa asipande mlima, karibu vyote viko huku huku chini: ruhusa, nauli, nguo, choo, na nani anaongoza msafara. Basi mradi huu kwa sehemu kubwa utafanyika Pemba, na mlimani tutakwenda mwisho.

Kwa asiyejua: kilima kirefu kabisa cha Pemba kiko karibu mita 100 tu juu ya bahari, na kilele cha Uhuru, juu ya Kibo huko Kilimanjaro, ni mita 5,895. Ila kwa njia zake za kawaida Kilimanjaro ni mlima wa kutembea. Hakuna kamba wala kuning'inia, na kisiwa chetu ni vilima na mabonde mwanzo mwisho.

Aprili, mwisho wa mwezi

Ratiba imeamuliwa na karafuu. Mlimani kuna vipindi viwili vya ukavu: Januari hadi mwanzoni mwa Machi, na Juni hadi Oktoba. Kampuni za utalii zinasifu hicho cha pili, lakini ndicho kipindi karafuu zinapoiva, na mwanamke wa Pemba hawezi kuziacha. Mwanamme atakwea, sawa, lakini kuchuma matawi ya chini, kuchambua makonyo na kukimbilia jamvi wingu likitanda ni kazi zetu, na nauli yenyewe itatoka humo. Tumeweka Januari, baada ya sherehe za Mapinduzi za tarehe 12, Ramadhani ikiwa bado haijaingia. Walimu tutaomba ruhusa.

Mei

Tumechagua njia ya Marangu. Watu wa mlimani huiita njia ya Coca-Cola, kwa dharau kidogo, na njia nyingine, ya Machame, wanaiita ya Whiskey, kwamba hiyo ndiyo ya wenye kifua. Dharau hiyo haitusumbui. Marangu ndiyo njia pekee yenye vibanda vya kulala: Mandara, kiasi cha mita 2,700, Horombo, mita 3,720, na Kibo, kiasi cha mita 4,700. Kibanda kina kitanda, godoro na mlango unaofungwa. Kwa mwanamke anayetaka kuvua ushungi achane nywele zake bila kuangaza macho huku na huku, mlango unaofungwa una thamani kuliko mandhari yote ya Machame.

Kasoro ya Marangu iko kwenye hesabu ya kulala. Madaktari wa mambo ya milima wanashauri kwamba ukishavuka mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Vibanda hivi vimepishana kwa mita 1,000. Dawa yake ni kulala Horombo usiku wa ziada, safari iwe ya siku sita badala ya tano. Siku tano zinauzika kwa sababu ni rahisi, na wanunuzi wake wengi hurudi kabla ya kilele wakijilaumu kwamba ni dhaifu, wakati mwili haukupewa nafasi ya kuzoea. Sisi tutakwenda siku sita. Jambo hili halitajadiliwa tena hata pesa zikipungua.

Juni

Mwezi wa kupiga hodi nyumba za watu.

Tulianza kwa ustadhi wa msikiti wa jirani, na bi mkubwa wetu ndiye aliyesema kwa niaba yetu. Kuhusu mwanamke kusafiri bila maharimu wake, yaani mume au jamaa wa kiume asiyeweza kumwoa, alitueleza kwamba wanazuoni wamekhitalifiana: wapo wanaolishurutisha kwa kila safari, na wapo wanaoona kundi la wanawake waaminifu katika njia ya amani linatosha. Hakutufungia mlango wala hakutupa cheti. Alichosisitiza ni kila mmoja aondoke kwao kwa maelewano. Kuhusu sala alifurahi kuulizwa. Msafiri atakusuru na kujumuisha, yaani atafupisha sala na kuzikusanya, na pale ambapo maji hakuna au baridi inadhuru, atatayamamu, yaani atatumia udongo badala ya maji. Hilo la maji si la nadharia, maana Kibo hakuna chanzo cha maji na kila tone hubebwa kutoka chini. Kibla ni kaskazini, kama nyumbani.

Baada ya hapo tumekwenda kwa waume na wazee, mmoja mmoja. Nimejifunza kwamba mume akiambiwa "mkeo ana haki ya kupanda mlima" atajibu kama aliyeshitakiwa. Akiambiwa mkewe atalala chumba gani, na nani, na mwongozaji ni nani, anakaa chini na kuuliza maswali ya maana. Swali lililopendwa ni la simu. Hapo tulikuwa na jibu zuri: tangu Agosti 2022 shirika la simu la TTCL lilifikisha intaneti hadi Horombo. Mume wa muuza samaki alipolisikia hilo aliuliza kama na yeye anaweza kuja. Tumemwandika. Kaka wa wasichana wa Konde naye anakuja, na mama yao ameridhika.

Wawili wamejitoa kwa sababu nyumbani hawakukubaliwa. Hatuwasemi. Mmoja wao bado ndiye mweka hazina wetu.

Mzee mmoja wa Mtambwe alituambia mlima si mambo ya watu wa pwani. Nikamsimulia kwamba mwaka 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni kwa mara ya kwanza inayojulikana, aliyebaki kuwalindia kambi yao ya juu kwenye baridi ile ni Muini Amani, mtu wa Pangani. Na mwaka 1891 Mmarekani May French Sheldon, mwanamke peke yake, alikuja Unguja kutafuta wapagazi, akaondoka na msafara wake hadi Ziwa Chala chini ya mlima huo huo. Watu wa pwani wamekuwa wakienda kule, ila walikwenda kubeba mizigo ya wengine. Mzee akasema, "Kumbe." Akatupa papai.

Julai

Mazoezi ni Jumamosi baada ya sala ya alfajiri, kwenye mteremko wa Mkoani, kutoka bandarini hadi juu mjini. Kila mmoja anabeba dumu la maji la lita tano ndani ya begi la skuli. Tukifika juu maji tunayamimina kwenye pipa la nyumba moja yenye wagonjwa, tunashuka watupu, tunajaza tena. Hii ni ya kulinda magoti wiki za mwanzo. Baadaye tutashuka na mzigo pia, kwa sababu kushuka kutoka Kibo ndiko kunakovunja watu.

Mwendo unawekwa na aliye nyuma. Muuza samaki, ambaye ana mapafu ya ajabu, alinuna wiki mbili kwa sheria hii, kisha akaizoea. Vijana wa kijiweni wametuzoea pia. Wa kwanza kutia neno alituuliza, "Mama, mnakimbizwa na nani?" Mama wa watoto sita akamjibu bila kusimama, "Na uvivu wako."

Agosti

Karafuu. Hakuna mazoezi ya pamoja. Kila mmoja anapanda na kushuka na magunia, nadhani inatosha.

Septemba

Nguo zimekula mwezi mzima, na sijutii, kwa sababu hapa ndipo nilipoona mradi unachukua sura yake.

Tatizo ni hili. Nguo za mlimani zinazouzwa zimekatwa kwa mwanamke wa kwingine: suruali za kubana, jaketi za kuishia kiunoni. Na nguo zetu za kila siku, dera, buibui na mtandio mrefu, ni za pamba au zinapepea, na zote mbili ni hatari kule. Pamba inanyonya jasho na haikauki. Ukisimama kupumzika kwenye upepo wa mita 4,000, jasho lile linageuka barafu mgongoni. Kinachopepea kinanasa kwenye fimbo na kwenye mawe.

Fundi wetu alichukua jambo hili kama amechokozwa. Alikwenda Chake siku ya kufungua robota za mitumba, akawa anageuza kila sweta kutafuta kikaratasi cha ndani: pamba anarudisha, sufu au polista anachukua. Nyumbani akashona kanzu fupi ya kufika magotini, yenye mpasuo pembeni pande zote mbili ili mguu uweze kupanda jiwe, juu ya suruali pana yenye mpira kifundoni. Ya kwanza ilivaliwa Mkoani, ikachanika kwapani mvaaji alipoinua fimbo. Akaongeza kipande chenye umbo la almasi kwapani, kama kile cha kanzu za wanaume, na haikuchanika tena. Ushungi ameushona wa kuvaa kichwani moja kwa moja, kitambaa chepesi cha kunyumbuka, unaishia shingoni na kuingia ndani ya jaketi. Hauna pini, maana pini kwa vidole vilivyokufa ganzi ni adhabu. Masikio yamefunikwa, na kofia ya sufu inakaa juu yake vizuri. Ushungi ule ni kifaa bora cha baridi kuliko vingi tulivyoona madukani.

Nikamweleza fundi habari za Junko Tabei. Huyu ni Mjapani aliyeanzisha klabu ya wanawake wapanda milima mwaka 1969, na tarehe 16 Mei 1975 akawa mwanamke wa kwanza kufika kilele cha Everest. Walipokuwa wakitafuta fedha waliambiwa wakae nyumbani walee watoto, na kwa kukosa pesa walishona glavu kutokana na vitambaa vya viti vya gari. Fundi hakusema kitu. Siku ya pili nilimkuta gereji akipatana bei ya viti vya daladala iliyokufa.

Na kwa wale wanaoendelea kutuuliza kama mtu anaweza kupanda mlima bila suruali ya kizungu: Januari 2019 wanawake wa Kiaimara kutoka Bolivia walipanda Aconcagua ya Argentina, mita 6,961, wakiwa na sketi zao pana za asili. Wengi wao walianza kama wapishi na wapagazi wa wapanda milima. Picha yao imebandikwa juu ya cherehani.

Viatu bado. Mitumba ya viatu vya mlima karibu yote ni ya wanaume, na hapa miguu yetu ni namba 37 na 38. Soksi mbili hazikifanyi kiatu cha 42 kuwa chako, zinakupa malengelenge tu.

Oktoba

Mkunga ameshika usukani wa afya. Kwanza amewapeleka wote kupima wingi wa damu. Juu kule mwili unagombania hewa kidogo, na kileleni kabisa mgandamizo wa hewa ni kama nusu ya ule wa pwani, kwa hiyo kwenda na upungufu wa damu ni kwenda umeshapoteza. Waliokutwa na damu ndogo walikuwa wengi kuliko nilivyodhani, na kwa mkunga halikuwa jambo geni: uzazi wa karibu karibu na hedhi nzito. Wamepewa vidonge vya kuongeza damu, watapima tena.

Pia amesisitiza kipimo cha seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Wenye ugonjwa wenyewe wanashauriwa wasiende, na hata aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, ambaye huku chini haumwi kitu, bandama lake linaweza kudhurika kwenye mwinuko mkubwa. Mwenzetu mmoja amekutwa hivyo. Baada ya kuzungumza na daktari ameamua kubaki Marangu, na ndiye atakayeshika simu, pesa na mawasiliano na familia zetu zote. Kusema kweli ndiyo kazi ngumu kuliko zote.

Hedhi imezungumzwa waziwazi, mlango umefungwa, watoto wakiwa nje. Baridi, uchovu na mwinuko vinaweza kuchelewesha siku au kuzileta kabla, kwa hiyo kila mmoja atabeba pedi hata kama hesabu yake inasema hazitahitajika, pamoja na mifuko myeusi, kwa sababu taka zote hurudi chini. Walioulizia vidonge vya kusogeza siku wameambiwa hilo ni la daktari, maana baadhi ya dawa za homoni huongeza hatari ya damu kuganda.

Ugonjwa wa mwinuko nimeufundisha mimi. Kuumwa kichwa, kichefuchefu, kukosa usingizi: hayo ni ya kawaida na yanaangaliwa. Kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, kukosa pumzi hata ukiwa umekaa: hayo ni ya kushuka saa ile ile, usiku au mchana. Tumekubaliana kwamba hakuna kuficha. Mwanamke wa kwetu amefundishwa tangu mdogo kuvumilia na kunyamaza, na mlimani tabia hiyo inaua. Kila jioni kila mmoja atasema kwa sauti anavyojisikia, na jibu la "sijambo" peke yake halikubaliki.

Novemba

Kampuni ya kwanza tuliyoipigia, siitaji, ilituomba tumpe simu "kiongozi wenu mwanamme". Mweka hazina akamjibu kwa adabu kubwa kwamba kiongozi wetu mwanamme hajazaliwa, akakata.

Ya pili imekubali masharti na yameandikwa: siku sita, mwongozaji msaidizi mwanamke, chumba chetu peke yetu kila kituo, nyama iliyochinjwa kisheria, mizigo ya wagumu ipimwe mbele yetu isizidi kilo 20 kwa mtu, kama taratibu zinavyosema, na bahashishi tutawapa wenyewe mkononi. Wagumu ndio wapagazi, wenyewe wanajiita hivyo. Wengine walituuliza kwa nini tunahangaika na kilo za watu wengine. Sioni namna ya kudai mlima utukaribishe sisi huku anayetubebea unga anavunjwa mgongo, na baadhi ya wabebaji siku hizi ni wanawake.

Fedha: mchezo wa kila mwezi wa kuchangishana, halua na mikoba ya ukili, na karafuu. Mtanzania analipa ada ndogo kuliko mgeni kuingia hifadhini, na hilo limetuokoa. Michango miwili tumeikataa kwa sababu watoaji walitaka tuvae fulana za matangazo zenye mikono mifupi.

Desemba

Wasichana wa Konde wameuliza kama kuna Mtanzania mwanamke aliyefika Everest. Yupo: Rawan Dakik, Mei 2021, akiwa na miaka 20. Na Kilimanjaro yenyewe, mwanamke wa kwanza anayejulikana kufika kileleni ni Sheila MacDonald wa Uingereza, mwaka 1927, miaka 38 baada ya Meyer. Mdogo kati yao akafanya hesabu vidoleni, akasema, "Miaka yote hiyo walikuwa wanangoja nini?"

Damu zimepanda. Viatu bado.

Januari, Moshi

Meli hadi Tanga, basi hadi Moshi. Kwenye nyumba ya wageni, aliyekuwa mapokezi alimsukumia mume wa muuza samaki daftari la kuandikisha, akaanza kumweleza kuhusu vyumba vyetu. Bwana yule akalisogeza daftari upande wangu. "Mimi nimefuata tu. Muulize mwalimu."

Viatu: mwongozaji wetu msaidizi, mwenyeji wa Marangu, alikuja jioni na gunia. Alizunguka kwa wanawake wenzake wa kazi akaazima viatu vyao, 37, 38, 39. Jambo lililotushinda tangu Septemba lilimalizika ndani ya saa moja, kwa sababu tulimpata mwanamke aliye ndani ya kazi hii.

Januari, Horombo

Tumefika jana kwa mwendo wa pole pole, leo tumepanda hadi Mawe ya Pundamilia na kurudi kulala hapa hapa. Asubuhi bomba lilikuwa limeganda. Mawingu yako chini yetu, na mama wa watoto sita amepiga simu ya video nyumbani kuwauliza kama kuku wamefungiwa.

Choo, kwa ajili ya mkunga na kwa ajili ya watakaofuata: vituoni vipo, vya kuridhisha, ila usiku ni mbali na njia inateleza kwa barafu, kwa hiyo nendeni wawili na taa. Kati ya vituo hakuna kitu, na kuanzia hapa miti imekwisha. Jibu letu ni kanga. Wawili wanashika ncha, wameipa mgongo, wa tatu anachutama nyuma yake. Kanga nyepesi inapeperushwa na upepo, chukueni ile nzito ya zamani, na anayeshika akanyage pindo la chini kwa kiatu. Mwongozaji wetu anasema miaka yote wateja wake wanawake hujizuia kunywa maji ili wasipate haja, na ukavu huo ndio unaowaangusha. Ameomba tumwachie moja.

Jioni kila mmoja amesema hali yake. Vichwa viwili vinauma, mmoja ametapika na sasa anakula uji.

Januari, baada ya usiku wa Kibo

Nimeandika haya Horombo, tumesharudi, vidole bado vizito.

Tuliondoka Kibo karibu saa sita usiku. Ni changarawe inayorudisha mguu nyuma kila ukiuweka, zigizaga zisizo na mwisho, na taa ya aliye mbele. Halua ya Wete tuliyoitegemea kwa nguvu iligeuka mpira. Mtu anatafuna kipande kimoja robo saa. Tende zilifaa zaidi zikikaa mfukoni karibu na mwili. Glavu za viti vya daladala hazikupitisha upepo hata chembe.

Kwenye pango la Hans Meyer mmoja wa walimu alisimama, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mimi ardhi inacheza, na jina la mwanangu wa pili limenitoka." Hakuna aliyemwambia ajikaze. Mwongozaji msaidizi alimshika mkono wakashuka wote wawili, na walipofika Kibo jina lilikuwa limerudi. Huo ndio wakati niliouona mradi umefanya kazi yake, kuliko wakati mwingine wowote usiku ule.

Wengine tulifika Gilman's, ukingoni mwa kreta, mita 5,685, jua likichomoza nyuma ya Mawenzi, kilele cha pili cha mlima. Tulisali hapo tumekaa, kwa tayamamu. Mama wa watoto sita alikaa juu ya jiwe akaangalia pande zote, akasema, "Haya, nimeshasikiliza." Yeye, muuza samaki na mdogo wa Konde waliendelea hadi Uhuru. Mume wa muuza samaki aliishia Gilman's pamoja nami, na alimsubiri mkewe bila ya neno.

Kushuka ni kama nilivyosema Julai. Magoti.

Februari

Hesabu zimefungwa na mweka hazina amezisoma mbele ya wote. Pesa iliyobaki ni ndogo lakini ipo.

Nguo zote zimefuliwa, zimeandikwa namba na kuingia kwenye kabati la fundi. Atakayezihitaji ataazima kwa dhamana ndogo. Mashimo yaliyobaki ni mawili. La kwanza ni watoto: safari hii walibaki na dada na mama zetu kwa hisani, na hisani haiwezi kuwa mpango wa kila mwaka, kwa hiyo sehemu ya mchezo itatengwa kuwalipa wanaobaki. La pili limetoka kwa mwongozaji msaidizi, ambaye nilimpigia simu kumuuliza angependa tuongeze nini katika mkataba. Alijibu bila ya kufikiri: wagumu wanawake wapewe pa kulala pao. Limeandikwa.

Wasichana wa Konde wanataka kuwa waongozaji. Wameambiwa ukweli kwamba watu wengi huanza na mzigo, na kwamba leseni na lugha za kigeni zinachukua muda. Mkubwa ameanza Kiingereza jioni. Mdogo anasema Kijerumani kina wateja zaidi.

Kundi lijalo litaanza na Meru, mita 4,566. Ni fupi, ina vibanda vya Miriakamba na Saddle, na unatembea na askari mwenye bunduki kwa ajili ya nyati, jambo ambalo limewapendeza waume kuliko hoja zetu zote. Januari tena, baada ya karafuu.

Mkutano ni wiki ya kwanza baada ya Sikukuu, kwa fundi. Anayetaka kujiandikisha aje na kipimo cha mguu wake kwenye karatasi, kilichochukuliwa jioni baada ya kutwa nzima ya kutembea, kwa sababu asubuhi mguu huwa mdogo na kiatu kitakudanganya.